Kupaa Tena Si Aibu

Ndege ndogo za binafsi hupata ajali nyingi zaidi zinapotua kuliko katika hatua nyingine yoyote ya safari. Kwa kuwa mara nyingi waliomo hutoka wazima, wakijipangusa vumbi, ajali hizi huishia kuwa hadithi za klabuni. Sisi hatuzioni ndogo.

Rubani wa Cessna 172 anapaswa kuikaribia njia kwa mwendo wa kilomita kama 120 kwa saa. Jua linazama, abiria anatazama saa, naye anakuja na 140. Kwa macho tofauti haionekani, lakini ndege sasa imebeba nguvu ya mwendo iliyozidi kwa zaidi ya theluthi. Anailazimisha ikae. Inagonga, inadunda. Anasukuma usukani mbele. Inagonga kwa gurudumu la mbele na kudunda juu zaidi. Mara nyingi mdundo wa tatu ndio unaovunja mguu wa mbele na kukunja pangaboi. Angetia injini moto baada ya ule wa kwanza, akapaa na kuzunguka, leo ndege ingekuwa bandani, nzima.

Huku nyanda za juu hesabu ni ngumu zaidi. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Adhuhuri ya joto hewa huwa nyepesi, na ndege ambayo kipimo chake kinasoma vilevile kama Malindi inaipita ardhi kwa kasi iliyozidi kwa takriban sehemu moja ya kumi. Rubani akiamini macho kuliko kipimo, atapunguza mwendo. Akipitiliza kona ya mwisho kisha akaibana ili arudi kwenye mstari, bawa linaishiwa nguvu na ndege inapinduka. Kutoka mita 150 hakuna nafasi ya kuinyoosha. Ajali hii ndiyo inayozika watu.

Marubani wa Maasai Mara wana desturi njema: hupita kwanza chini, juu ya njia ya murramu, kufukuza pundamilia na nyumbu, ndipo wazunguke waje kutua. Abiria hawanung'uniki, maana pundamilia wanawaona. Upepo wa ubavuni hawauoni, basi rubani akipaa tena kwa sababu yake, anaulizwa kulikoni.

Mzunguko mmoja ni dakika zipatazo sita na lita tatu au nne za mafuta. Wenye ndege, acheni kumdai rubani maelezo ya mzunguko huo. Wakufunzi, wazoezeni wanafunzi kupaa kutoka kwenye mdundo mpaka mkono uende wenyewe. Nanyi wenye viwanja vya shambani, badilisheni ule mfuko wa kuonyesha upepo. Uliochanika na kujisokota mlingotini haumwambii rubani lolote.