Ziwa Halina Mugasha

Likizo ikikaribia, wanaotaka kwenda Mwanza kwa meli huanza kutishwa: ziwa lina mwenyewe, Mugasha, na asiyemridhisha humezwa. Wengine huchanja hirizi kabla ya kukata tiketi!

Mimi nasema tunamsingizia Mugasha makosa yetu. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, ikiwa imekaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa peke yao wanakadiriwa kuzidi 800. Hesabu hiyo haihitaji mganga.

Ni kweli, ziwa letu ni kali usiku. Nchi kavu hupoa upesi, maji hubaki na joto, basi pepo za pande zote hukutana katikati ya ziwa, hewa hupanda na kufanya mawingu ya radi. Ndiyo sababu dhoruba nyingi huko huja kati ya usiku na alfajiri.

Basi anayepanga safari asikilize kwanza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na aulize majaketi ya kuokolea yako wapi. Dua ya safari tuisome, lakini Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake, kisha ategemee. Kupanda chombo kilichofurika na kusema "tumetawakali" ni uzembe uliovishwa kanzu.

Nanyi wazazi, mtoto akipiga simu kutoka gatini kwamba chombo kimejaa, mwambieni ashuke, hata kama nauli imepotea.