Tumebeba Watu au Magunia?
Siwakubali vijana wanaojisifu kwamba wametoka Dar es Salaam alfajiri na kuingia Iringa, karibu kilomita 500, bila kusimama, ilhali garini mna babu, bibi na wajukuu. Wataniambia wazee wanachelewesha. Nami nawajibu: siku hiyo ya kwanza ndiyo darasa lenyewe. Babu akae mbele. Gari lisimame anapotaka kunyoosha miguu. Awaonyeshe watoto milima ya Uluguru, tembo wa Mikumi na kona za Kitonga; awaeleze jinsi Wajerumani walivyoiteka ngome ya Mkwawa pale Kalenga mwaka 1894. Dereva mwenye haraka huokoa saa mbili, lakini humnyamazisha mwalimu ambaye mwakani huenda hatakuwapo.