NGUZO ZA USHIRIKA NA NJIA ZA MJI

Katika jimbo la Texas, Marekani, liko jambo ambalo yawapasa wapenzi wa ushirika kulitazama kwa makini. Mji hukua, ukameza mashamba, na mkulima ambaye nguzo ya chama chake imesimama mlangoni pake kwa miaka mingi hujikuta ndani ya mipaka ya mji. Tangu hapo chama hakina budi kuliomba baraza la mji ruhusa ya kupitisha nyaya katika njia zake, na mara nyingi baraza hudai ada, yaani sehemu fulani katika mia ya mapato ya umeme unaouzwa humo.

Twauliza: ni nani aliyemfuata mwenzake? Mwaka 1935, Rais Roosevelt alipounda idara ya umeme wa mashambani, katika kila mashamba kumi ya nchi ile ni kiasi cha moja tu lililokuwa na umeme. Makampuni ya mijini hayakutaka kwenda shamba, kwani hayakuona faida huko. Sheria ya 1936 ikawafungulia wakulima mikopo, nao wakaungana. Ndivyo kilivyozaliwa mwaka 1938 chama cha Pedernales, magharibi ya Austin, kwa kuhimizwa na Lyndon Johnson, wakati huo akiwa mbunge. Leo Cedar Park na Leander, iliyokuwa vijiji, ni miji iliyojaa watu, na umeme wake watoka kwa chama hicho.

Hatusemi kwamba njia ya mji haina mwenyewe. Aichimbaye aifukie sawasawa, na mji ukitaka kuipanua, mwenye nguzo azihamishe. Hiyo ni haki. Lakini ada ni neno jingine. Kampuni yaweza kuambiwa ipunguze faida ya wenye hisa. Chama cha ushirika hakina wenye hisa ila hao hao wanaowasha taa. Basi ada hiyo ni kodi kwa jina jingine, nayo itamfikia mjane mwenye taa mbili. Isipogawanywa vema, hata mkulima wa mbali atalipia lami asiyoikanyaga. Wakaao mjini ndio walipe ada ya mji, nayo iandikwe waziwazi katika hati ya malipo.

Wala jambo hili si geni kwetu: wananchi wa Urambo, mkoani Tabora, walianzisha ushirika wao wa umeme katika miaka ya 1990, kwa mashine za dizeli.

Vyama navyo visijifiche nyuma ya jina zuri la ushirika. Mwaka 2007 wanachama wa Pedernales waliwashitaki viongozi wao wenyewe kwa usiri na matumizi ya fedha, na mapatano yakafikiwa mwaka 2008. Baraza litoalo ruhusa ya miaka mingi lina haki ya kuonyeshwa vitabu vya hesabu kabla ya kutia sahihi, na wanachama wanayo haki hiyo kila mwaka.