Mshipa wa Fahamu Si Tarishi Tu

Muungwana aliyeandika katika toleo lililopita kwamba mshipa wa fahamu hauna kazi kwa msuli ila kuupelekea amri ya kujikunja, na kwamba kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini ni mali ya msuli peke yake, amekata hukumu kabla ya kuwasikiliza mashahidi wote. Kwamba amri hupelekwa na asetilikolini, hilo halina mjadala tangu zama za Dale na Loewi, waliotunukiwa Nobel mwaka 1936. Walakini ukatwapo mshipa wa panya, kimeng'enya hicho hupungua mno katika msuli uleule. Basi ni milki gani hii isiyodumu pasipo idhini ya jirani?

Atasema, nami namkubalia kwa sehemu, kuwa upungufu huo watokana na kukoma kwa mwendo, madhali msuli uliokatiwa mshipa ukichochewa kwa umeme hurejesha kiasi cha kimeng'enya chake. Lakini atatuelezaje juu ya CGRP, peptidi yenye amino asidi 37, ambayo mishipa ya mwendo huihifadhi katika vifuko vyake, na ambayo, ikitiwa penye seli za msuli wa kifaranga zilizooteshwa maabarani, huzidisha utengenezaji wa vipokezi vya asetilikolini na pia ule wa kimeng'enya chenyewe? Hapo hapana mshipa wala amri. Ipo peptidi tu.

Kwa kuwa baadhi ya dawa za wagonjwa wa miastenia, ugonjwa wa udhaifu wa misuli, hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya hikihiki, namsihi airekebishe kauli yake kabla walimu hawajaifikisha darasani.