Hesabu Ndogo Yaweza Kufichua Siri Kubwa

Mwezi Novemba 2017, kampuni ya Marekani iitwayo Strava, ambayo huwasaidia watu kupima mbio zao kwa simu na saa za mkononi, ilitoa ramani ya dunia iliyoonyesha njia zinazokimbiwa na wateja wake. Ramani hiyo haikutaja jina la mtu hata mmoja. Lakini ilipofika Januari 2018, watu walioitazama kwa makini waliona mistari inayong'aa katika nyika za Syria na Afghanistan, mahali ambapo hapana mji. Wale walikuwa askari wa kigeni wakifanya mazoezi ndani ya kambi zao. Hapakuwa na jasusi aliyeruka ukuta, wala msaliti aliyeuza waraka. Vyombo vilipima mbio tu, na vipimo hivyo vikachora kambi. Agosti ya mwaka huo huo Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipiga marufuku matumizi ya vyombo vinavyoonyesha mahali kwa askari walio katika maeneo ya operesheni.

Kwa askari mzoefu jambo hili si geni. Adui hana haja ya kuingia kambini ili ajue idadi ya walinzi. Yamtosha kuhesabu magunia ya unga yanayopita langoni. Jambo lipasalo kuangaliwa sasa ni kwamba hatari ya namna hiyo hiyo imo ndani ya kompyuta, mahali ambapo siri nyingi za dola na za raia zimehifadhiwa.

Zamani kila ofisi ilikuwa na kompyuta yake. Leo ofisi nyingi duniani, zikiwamo za serikali, hupanga nafasi katika majumba makubwa ya kompyuta ya makampuni kama Amazon, Microsoft na Google. Humo kompyuta moja yenye nguvu hugawanywa na programu simamizi, ikawa mithili ya nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi. Kila chumba huitwa mashine pepe. Mpangaji hujiona kama kwamba ana kompyuta nzima peke yake, ilhali prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, ni ile ile moja inayowahudumia wapangaji wote.

Ndani ya prosesa hiyo wahandisi wameweka vihesabio vya utendaji. Kazi ya vihesabio hivyo ni kuhesabu matukio: ni amri ngapi zimetekelezwa, ni mara ngapi data iliyotakiwa haikukutwa katika kashe, yaani ghala dogo lililo karibu na prosesa, ni mara ngapi prosesa imefika njia panda ya programu ikabahatisha upande usiokuwa. Kampuni ya Intel iliviweka katika prosesa ya Pentium mwaka 1993 bila kueleza hadharani matumizi yake. Mwezi Julai 1994 mtaalamu wa Norwei, Terje Mathisen, aliyafichua matumizi hayo katika jarida la Byte. Tangu hapo vimekuwa kwa mtunga programu kama ulivyo mshale wa joto la injini kwa fundi wa magari.

Je, chombo cha fundi chawezaje kuwa silaha ya adui? Programu inayofungua maandishi ya siri, isipotungwa kwa uangalifu, hufuata njia moja inapokuta 1 katika ufunguo wake, na njia nyingine inapokuta 0. Mtu anayeipata hesabu ya njia zilizofuatwa huusoma ufunguo kidogo kidogo bila kuugusa. Jirani naye aweza kusikiliza kupitia ukuta. Huijaza kashe ya pamoja kwa data yake mwenyewe, hungoja kidogo, kisha hupima ni data gani imeondolewa. Mahali palipoguswa huonyesha jirani yake alikuwa akifanya kazi gani. Kazi hiyo huweza kufanywa kwa saa ya kompyuta, lakini kihesabio humpa mvamizi jibu lililo safi zaidi.

Haya si mambo ya kubuni. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, nchini Austria, pamoja na wenzao, walitangaza shambulio waliloliita PLATYPUS. Walionyesha kwamba kipimo cha umeme unaotumiwa na prosesa za Intel, ambacho katika mfumo wa Linux kiliweza kusomwa na mtumiaji yeyote, kilitosha kutoa funguo za siri. Moja ya hatua za kwanza zilizochukuliwa ilikuwa kumnyima mtumiaji wa kawaida ruhusa ya kukisoma.

Hivyo basi inaeleweka kwa nini wasimamizi wengi huvizima vihesabio katika mashine pepe. Mwaka 2015 watunzaji wa programu simamizi ya Xen walitangaza kwamba matumizi ya vihesabio ndani ya mashine pepe hayamo katika mambo wanayoyadhamini kiusalama, na vihesabio hivyo hubaki vimezimwa mpaka msimamizi avifungue kwa makusudi. Katika programu za VMware navyo havifunguki mpaka viruhusiwe. Wanaotumia KVM huvizima kwa agizo fupi la pmu=off. Kila kifaa kinachofunguliwa kwa mpangaji ni mlango mmoja zaidi wa kulindwa, na mlango usiohitajika yafaa ufungwe.

Hata hivyo ingekuwa kosa kudhani kwamba kuzima ndiyo dawa ya kila ugonjwa. Kambi inayozima taa zote ili isionekane humzuia pia mlinzi wake kuona. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba vihesabio vyaweza kutambua shambulio la Rowhammer, ambalo hugonga safu za kumbukumbu kwa kasi mpaka data ya safu za jirani igeuke. Kadhalika chombo kiitwacho rr, kilichoanzia Mozilla, ambacho hurekodi mwendo wa programu ili kosa lake lichunguzwe upya, hakifanyi kazi bila vihesabio. Aidha, kuvizima hakuiondoi kashe ya pamoja, wala hakuiondoi saa. Mvamizi hupunguziwa macho, lakini hapofuki.

Tena lipo swali kubwa kuliko hayo: swichi imo mkononi mwa nani? Mwaka 2024 wataalamu wa Graz walitangaza shambulio la CounterSEVeillance. Kampuni ya AMD ilikuwa imetengeneza ulinzi uitwao SEV-SNP, ambao hufumba kumbukumbu ya mashine pepe ili hata mwenye nyumba asiweze kuisoma. Watafiti hao walionyesha kwamba mwenye nyumba, ijapokuwa haoni yaliyomo chumbani, bado aliweza kusoma vihesabio vya prosesa wakati mpangaji akifanya kazi. Kwa njia hiyo walipata ufunguo mzima wa RSA wa biti 4096 kwa muda usiofika dakika 8. Hapa mpangaji akizima vihesabio vya chumba chake hajajisaidia kitu, kwa kuwa anayehesabu amesimama nje ya mlango. AMD imeeleza kwamba ulinzi wa vihesabio dhidi ya mwenye nyumba unapatikana kuanzia prosesa za kizazi cha Zen 5. Kwa zile za zamani, tegemeo ni programu za siri kutungwa kwa namna ambayo mwendo wake haubadiliki kwa kufuata ufunguo.

Askari na polisi hawatakiwi wote kuwa mafundi wa kompyuta. Lakini orodha za mishahara, alama za vidole na majalada ya upelelezi ni amana waliyokabidhiwa. Chombo chochote cha ulinzi kinachokusudia kuweka amana hiyo katika kompyuta ya kupanga hakina budi kuuliza mambo matatu kabla ya kutia sahihi. Kwanza, ni nani mwingine anayetumia prosesa hiyo hiyo? Pili, vihesabio viko wazi kwa nani, na kila anayevisoma anaandikwa wapi? Tatu, mwenye nyumba mwenyewe amezuiwa na nini asihesabu?

Palipo na wageni wengi chini ya paa moja, vihesabio vizimwe. Palipo na mashine ya chombo chenyewe, vifunguliwe kwa mafundi wachache wanaojulikana, kwa kibali kilichoandikwa na kwa muda uliowekwa. Na siri ambayo kufichuka kwake kwaweza kugharimu maisha ya watu isipangishwe kabisa chumba katika nyumba ya mwingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ufa huu, ijapokuwa ni mwembamba kiasi cha kupitisha tarakimu tu, umekwisha kupitisha funguo.