Kupima matatizo ya ulaji kwa Kiarabu si kutafsiri maswali tu

Hebu jibu hili haraka bila kufikiri sana: je, watu hukushinikiza ule? Kama umewahi kwenda kwa shangazi yako ukajaribu kukataa sahani ya pili, jibu unalo tayari. Sasa ujue kwamba swali la aina hiyo limo katika hojaji inayotumika sehemu nyingi duniani kutafuta dalili za matatizo ya ulaji. Ukijibu 'kila wakati', unaongezewa pointi tatu. Pointi zako zikifika 20, unashauriwa ukamwone mtaalamu.

Hojaji hiyo inaitwa EAT-26. Ilizaliwa Toronto, Canada. Toleo la kwanza la mwaka 1979 lilikuwa na maswali 40, kisha mwaka 1982 yakapunguzwa hadi 26. Leo maswali hayo huulizwa pia kwa Kiarabu, lugha inayotumika kutoka Morocco hadi Oman, katika jamii ambazo mgeni asiposhinikizwa kula basi mwenyeji ameaibika. Je, msichana wa Amman anayesema analazimishwa kula ni mgonjwa, au ametembelea tu nyanya yake?

Usicheke sana, manake suala lenyewe ni zito. Mwenye anoreksia hujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, hata akiwa amebaki mifupa. Mwenye bulimia hula kupita kiasi kwa siri, kisha hujitapisha au hutafuta njia nyingine ya kufidia. Mara nyingi mambo haya huanza katika umri wa kubalehe, na anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Kwa hivyo kumgundua mtu mapema kunaweza kuokoa maisha yake. Lakini utamgundua vipi kama swali lenyewe halijamfikia?

Cairo na London

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba haya ni maradhi ya wasichana wazungu wenye pesa. Daktari wa akili kutoka Misri, Mervat Nasser, aliipima dhana hiyo. Katika utafiti aliochapisha mwaka 1986, alilinganisha wanafunzi wa kike Waarabu waliokuwa vyuoni London na wenzao wa Cairo. Waliopata alama za juu walikuwa asilimia 22 kule London na asilimia 12 kule Cairo. Kisha wakahojiwa ana kwa ana. London walipatikana sita wenye bulimia. Cairo hakupatikana hata mmoja.

Matokeo hayo yana mafunzo mawili. La kwanza, ugonjwa hauangalii damu wala kabila, kwa sababu wasichana wa asili moja walitofautiana kulingana na mji walimoishi. La pili ndilo husahaulika: kule Cairo kulikuwa na wasichana wenye alama za juu, lakini walipoketi na daktari, bulimia haikuonekana. Alama ni kengele tu. Inakwambia uende ukaangalie mlangoni, haikwambii ni nani amebisha.

Tangu hapo ulimwengu wa Kiarabu umebadilika. Simu imeleta London hadi chumbani. Klipu za kupunguza tumbo zinapatikana Riyadh na Beirut kama zinavyopatikana Nairobi. Wakati huohuo, kuna maeneo ya Mauritania ambako wasichana wamekuwa wakilazimishwa kula ili wanenepe, kwa kuwa unene ni urembo na dalili ya familia yenye uwezo. Zote mbili ni jamii za Kiarabu, na bado tunataka hojaji moja iwatoshe wote?

Ramadhani nayo?

Kuna hojaji nyingine inayoheshimika sana, EDE-Q, kutoka Oxford. Yenyewe inauliza kuhusu siku 28 zilizopita. Swali lake mojawapo ni kama umekaa saa nane au zaidi ukiwa macho bila kula chochote, kwa nia ya kubadilisha umbo au uzito wako.

Sasa mpe hojaji hiyo Mwislamu wa Tunis siku ya Idi. Siku zake 28 zilizopita karibu zote ni za Ramadhani. Hajala mchana, ndiyo, lakini nia yake ilikuwa ibada. Akisoma nusu ya swali tu, au mtafsiri akiifanya ile sehemu ya nia kuwa hafifu, mtu mzima wa afya ataonekana mgonjwa.

Upande wa pili ndio unaotisha zaidi. Msichana aliyeanza kuugua anaweza kujificha ndani ya mfungo. Hakuna atakayemuuliza mbona hali, kwa sababu hakuna anayekula. Jioni atasema ameshiba kwa tende na maji. Dini yenyewe inamruhusu mgonjwa asifunge, lakini ataruhusiwa vipi ikiwa hakuna aliyejua kwamba anaugua? Ndiyo maana anayepima katika jamii hizi hana budi kuuliza nia, na kuuliza pia mambo yanakuwaje mwezi ukiisha.

Kiarabu kipi?

Halafu kuna lugha yenyewe. Kiarabu cha vitabu na taarifa za habari si kile cha jikoni. Mtu wa Casablanca na mtu wa Baghdad wakizungumza kila mmoja lahaja yake, kuelewana ni kazi. Chukua hili neno la kula kwa mpango ili upungue. Daktari ataandika 'himya'. Mama wa Cairo atasema 'rijim', neno lililotoka Kifaransa. Binti yake atasema 'dayet'. Kila neno lina picha yake: la kwanza linanukia hospitali, la mwisho linanukia jimu.

Hata hojaji fupi kabisa ina mitego. SCOFF, iliyochapishwa London mwaka 1999, ina maswali matano tu, na ukijibu ndiyo kwa mawili unahitaji kuchunguzwa zaidi. Swali moja linauliza kuhusu kujitapisha, lakini kwa neno la Kiingereza ambalo pia lina maana ya kuugua. Ukilitafsiri kichwa mchunga kwa Kiswahili utapata 'kujifanya mgonjwa', na hapo umeshamuuliza mtu kuhusu kutega kazi! Swali lingine linataja kipimo cha uzito cha Waingereza kinachoitwa jiwe, karibu kilo sita na robo. Nani Khartoum anapima mwili kwa mawe?

Hesabu ya kengele

Tuseme hojaji imetafsiriwa vizuri kabisa. Bado kuna hesabu. SCOFF ilipojaribiwa mara ya kwanza iliwanasa wagonjwa wote, na kati ya wasio wagonjwa ikawatambua sawasawa asilimia 87.5. Hiyo ni alama ya juu, sivyo?

Haya, chukua wanafunzi 1,000, na tuseme 20 ndio wanaougua. Hojaji itawanasa wote 20. Lakini kati ya wale 980 wazima, itawanyooshea kidole wapatao 122. Kwa hivyo, katika kila watu saba waliopigiwa kengele, mmoja tu ndiye mgonjwa. Kama shule haina mshauri wa kuketi na hao 142 mmoja mmoja, umegawa hofu tu. Na pale ambapo kuonekana na daktari wa akili kunaweza kumharibia msichana posa, hofu hiyo ina gharama.

Ndiyo sababu watafiti wa nchi hizo hawakuishia kutafsiri. Saudi Arabia walichapisha majaribio ya EAT ya Kiarabu mwaka 1996, na Lebanon wakafanya hivyo kwa SCOFF mwaka 2015. Kazi hii inataka uulize maswali, kisha uwahoji watu ana kwa ana uone kama alama zinaendana na hali halisi. Zisipoendana, unabadilisha maneno au unasogeza ule mstari wa pointi.

Wewe wa Nairobi au Mombasa haya yanakuhusu pia. Kwetu 'umenona' bado ni sifa kwa wengi, na kukonda kulibeba unyanyapaa tangu enzi za hofu ya Ukimwi. Kiswahili nacho kina 'miko' ya kamusi na 'dayati' ya mtaani. Tukichukua hojaji ya kigeni na kuimwaga shuleni bila kuijaribu, tutawatisha wazima na kuwapita wagonjwa.

Basi ukikutana na jaribio la aina hii mtandaoni, lijibu ukitaka, lakini usilichukue kama hukumu. Na rafiki yako akianza kukwepa kila mlo, akikimbilia msalani kila baada ya kula, au akijiita mnene ilhali nguo zinamvuka, usisubiri pointi 20. Usimkemee wala kumlazimisha sahani. Muulize anaendeleaje, msikilize, kisha mpeleke kwa mhudumu wa afya anayeweza kuzungumza naye kwa lugha anayoielewa.