Si Kila Giza ni Mtoto wa Jicho

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi mliosoma hapa zamani, liko neno moja ambalo naona lafaa litoke vinywani mwetu: "Ngoja akomae kwanza." Mzee akianza kupapasa njia, twasema ni mtoto wa jicho, akikomaa atapasuliwa. Kama ni mtoto wa jicho kweli, kungoja hakumpotezei yote. Daktari huondoa lenzi iliyoingia ukungu, akatia nyingine, na mzee akaona tena. Bali kama ni glaukoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, kungoja huko ndiko kunakompofusha.

Ndani ya jicho mna maji yanayofanyika mchana na usiku, na yana njia zake nyembamba za kutokea. Zikizibana, maji husukuma, na mshipa wa fahamu upelekao habari ubongoni hufa kidogo kidogo. Sehemu iliyokufa haifufuliwi na dawa wala kisu. Tena aina iliyo ya kawaida kwetu haiumi. Huanza kula pembeni, katikati pakabaki safi. Babu yangu alisoma gazeti bila taabu huku akijigonga milangoni, na watu wakasema ni uzee. Jicho moja lilikwisha kufa alipofikishwa kwa daktari. La pili linalindwa kwa tone moja la dawa kila jioni.

Sisi Waafrika hupatwa zaidi na mapema kuliko wengi wengine, nao ugonjwa hufuata ukoo. Kwa hiyo aliyefika miaka 40 asingoje dalili. Presha ya kawaida ni milimita 10 hadi 21 za zebaki, lakini wapo wanaougua hali presha yao ni hiyo hiyo ya kawaida. Basi mwombeni daktari autazame na mshipa wenyewe.

Nanyi wenzangu wa bwenini, yako matone yenye steroidi ambayo watu hununua dukani kwa kuwashwa macho tu. Yakitumiwa muda mrefu bila daktari huweza kupandisha presha hiyo hata kwa kijana. Chupa ya jirani si ya kuazimana.

Nimemwomba baba, mwenye miaka 46, twende kupimwa sote wawili likizo ijayo. Amenijibu kwamba yeye anaona vizuri mpaka kilele cha Mwamba wa Tororo.